Daftari la tajiri na kifungu cha 61

Siku ya hesabu katika mwalo wa Igombe, ufukwe wa mitumbwi ya uvuvi hapa Mwanza kando ya Ziwa Victoria, huja mbalamwezi ikishaingia. Mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawaifuati taa, kwa hiyo mitumbwi hupandishwa mchangani, nyavu huanikwa, na wavuvi waliokesha majini giza zima, yaani kipindi chote kisicho na mbalamwezi, hukusanyika kusubiri kugawana. Asubuhi niliyoikuta mimi, tajiri, yaani mwenye mtumbwi, alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki chini ya mwembe, na magotini ana daftari la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma. Wavuvi wake wanne walichuchumaa mbele yake. Akasoma: petroli, unga, sukari, betri za taa, kushona wavu, ushuru. Kila kitu kilitajwa na tarehe yake. Kijana mmoja akanyanyua mkono kidogo: "Tajiri, ile elfu ishirini ya matibabu ya mama si nilirudisha?" Tajiri akafunua kurasa mbili nyuma, akaiona, akaikata kwa mstari mmoja mrefu. "Imetoka, mdogo wangu."

Hakuna aliyetia saini. Daftari likakunjwa, likarudi mfukoni mwa koti.

Nilikuwa pale na dodoso la utafiti wa shahada yangu ya uzamili ya sheria. Swali la 4 liliuliza: "Je, una mkataba wa ajira?" Visanduku viwili, Ndiyo na Hapana. Wote wanne walijibu Hapana, bila hata kutazamana. Chini ya kisanduku hicho nilikuwa nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe: "Kama jibu ni Hapana, nenda swali la 13." Maswali ya 5 hadi 12, yaani saa za kazi, malipo, ajali, likizo na michango ya hifadhi ya jamii, yaliwahusu wenye mkataba tu. Swali la 13 liliuliza umri.

Kwa hiyo watu wanne ambao walikuwa wametoka kusomewa, mbele ya macho yangu, stakabadhi nzima ya kazi yao ya giza zima, waliingia kwenye tasnifu yangu kama watu wasio na cha kueleza kuhusu kazi. Lilikuwa kosa langu, na nimekuja kugundua kwamba ni kosa la utafiti wetu wa sheria za kazi kwa ujumla. Kuwapo au kutokuwapo kwa mkataba ni hitimisho la kisheria. Humwachii mvuvi alitamke kwa alama ya vema. Unamuuliza yaliyotokea, kisha wewe uliyesoma ndiye unayehitimisha.

Na sheria yenyewe inakutaka ufanye hivyo. Sheria ya Taasisi za Kazi, Na. 7 ya 2004, ina kifungu cha 61 ambacho ningependa kila mtu wa mwaloni akifahamu kama anavyofahamu pepo za ziwa. Kinasema kwamba mtu anayemfanyia mwingine kazi atachukuliwa kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, likiwapo hata jambo moja tu kati ya saba. Namna anavyofanya kazi inasimamiwa au kuelekezwa na mwingine. Saa zake zinapangwa na mwingine. Kama anafanyia kazi taasisi, yeye ni sehemu yake. Amemfanyia mtu huyo kazi kwa wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Anamtegemea mtu huyo kiuchumi. Anapewa vifaa vya kazi. Anamfanyia kazi mtu mmoja tu.

Sasa mpime mvuvi wa dagaa. Mtumbwi ni wa tajiri, injini ya tajiri, wavu wa tajiri, taa za tajiri. Hilo la vifaa peke yake lingetosha. Tuendelee hata hivyo kwenye saa. Mtumbwi ukisukumwa majini saa 11 jioni na kurudi saa 1 asubuhi, hizo ni saa 14, nusu yake wakiwa wameinama kuvuta wavu. Saa 45 za mwezi mzima zinatimia kabla usiku wa nne haujaisha. Na mvuvi wa tajiri huyu hawezi kulala kesho kwenye mtumbwi wa tajiri yule huku deni lake liko kwenye daftari hili. Sheria ilitaka jambo moja. Huyu anayo matano.

Wala hajatolewa nje ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004. Walioachwa nje ya sheria hiyo kwa kutajwa ni Jeshi la Wananchi, Polisi, Magereza na Jeshi la Kujenga Taifa. Mvuvi hayumo kwenye orodha hiyo. Kinyume chake, amri ya kima cha chini cha mshahara iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2023 iliitaja sekta ya uvuvi na huduma za majini. Maana yake serikali inajua kwamba kwenye uvuvi kuna waajiri na waajiriwa. Tusiojua ni sisi tunaotembea na madodoso.

Najua hoja inayotolewa upande wa pili, na ina uzito wake. Wamiliki husema: hawa si waajiriwa, ni wabia. Hatuwalipi mshahara, tunagawana. Tukikosa tumekosa wote. Na kweli giza likiwa baya, gharama huandikwa kama deni na kuvushwa hadi giza linalofuata, kwa hiyo mvuvi naye anabeba hasara. Nimelifikiria hili kwa muda mrefu. Ninachokiona ni kwamba mvuvi anashiriki hasara bila kushiriki mali. Injini ikiuzwa, hapati kitu. Mtumbwi ukiongezeka ukawa miwili, wa pili si wake hata ubao mmoja. Hakuulizwa siku ya kununua wavu wala hataulizwa siku ya kuhama kambi kwenda visiwa vya Kome au Ukara. Mbia asiye na sauti wala hisa, ila ana deni, sheria yetu inamwita kwa jina lingine.

Nchi nyingine zimelishughulikia swali hili kwa njia zisizofanana. Uingereza, sheria ya haki za ajira ya mwaka 1996 inamnyima mvuvi anayelipwa kwa mgawo peke yake baadhi ya haki muhimu za mwajiriwa. Ukiishia hapo utasema ndiyo hivyo, mgawo si ajira. Lakini Uingereza hiyo hiyo imemtengea mvuvi wa mgawo kiwango chake maalumu cha mchango wa bima ya taifa, ili akikosa kazi apate posho ambayo waliojiajiri wengine hawaipati. Mlango mmoja ulifungwa, wa pili ukafunguliwa kwa makusudi. Mkataba Na. 188 wa Shirika la Kazi Duniani kuhusu kazi za uvuvi, wa mwaka 2007, ulikwenda mbali zaidi: fasili yake ya mvuvi inamjumuisha waziwazi anayelipwa kwa mgawo wa samaki. Lakini ibara ya 3 ya mkataba huo inaruhusu nchi kuacha nje vyombo vinavyovua kwenye mito, maziwa na mifereji. Yaani hata pale dunia ilipomkumbuka mvuvi wa mgawo, iliacha uwazi unaotosha kumpitisha mtu wa Ziwa Victoria akaanguka. Ziwa lenye kilomita za mraba zipatazo 68,800, ambalo asilimia 51 yake iko Tanzania, linawekwa fungu moja na mfereji.

Niseme kidogo kuhusu neno kibarua, kwa sababu linaniuma. Kibarua ni barua ndogo. Aliyelipwa kwa siku aliitwa kwa jina la kile kikaratasi alichopewa kuonyesha kwamba amefanya kazi. Ulikuwapo pia mfumo wa kipande, kadi ya siku 30 za kazi, na ulitumika kwa ukatili mwingi; simtamani mtu arudi huko. Lakini hata mkoloni aliyekuwa ananyonya alihitaji karatasi. Vibarua wa bandari ya Dar es Salaam waligoma mwaka 1939 na tena mwaka 1947, na moja ya mambo yaliyotokana na vuguvugu lile ni kusajiliwa kwa vibarua wa bandarini. Mtu aliyekuwa anaitwa wa kuja na kupita akawa na namba. Leo vijana wa mwaloni tunawaita vibarua, na hicho kikaratasi chenyewe hawana. Kiko kwenye koti la tajiri.

Na hapo kwenye koti kuna jambo ambalo watafiti wa sheria tungepaswa kulishika. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, kifungu cha 15, inasema kwamba shauri likifika mbele ya chombo cha sheria na mwajiri akashindwa kuleta mkataba au maelezo ya maandishi ya ajira, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalodaiwa unakuwa wa mwajiri. Kwa hiyo daftari lile si mali ya siri ya tajiri. Ni ushahidi wa malipo, wa tarehe, wa makato, wa mikopo ya ndani. Nimezunguka mialo kadhaa ya Ilemela na Ukerewe na sijakutana na mtumbwi wa dagaa usio na daftari. Tunaiita hii sekta isiyo rasmi, ilhali imeandikwa kwa kalamu ya wino kila siku.

Kwa nini basi utafiti wetu hauioni? Nadhani ni kwa sababu ya mahali unapoanzia. Anayechunguza sheria ya kazi huanza na maamuzi ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi na ya Mahakama Kuu Divisheni ya Kazi. Mvuvi hajafika huko, kwa hiyo hayumo. Anayechunguza hifadhi ya jamii huanza na rejista ya wanachama wa mfuko. Mvuvi hajasajiliwa, kwa hiyo anaonekana kwenye sentensi moja ya mwisho, "wengi walio nje ya mfumo". Anayechunguza uvuvi ndiye anayefika mwaloni, na huyo huhesabu: mitumbwi mingapi, injini ngapi, nyavu ngapi, wavuvi wangapi. Mvuvi anahesabiwa kama nguvu ya kuvulia, safu moja na wavu. Hapa Mwanza jambo hili lina sura ya kusikitisha, maana Malimbe kuna chuo kikuu kinachofundisha sheria na jirani yake Nyegezi kuna chuo cha uvuvi. Ni mwendo wa bodaboda. Ningefurahi sana kuona tasnifu moja iliyosimamiwa na pande zote mbili.

Tupige hesabu yenyewe, maana mabishano mengi huisha hapo. Tuseme giza limeleta mauzo ya shilingi 2,400,000. Toa gharama 900,000. Zimebaki 1,500,000. Tajiri anachukua nusu, wavuvi wanne wanagawana nusu ya pili, kila mmoja 187,500. Kwa mfumo wa NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, mchango ni asilimia 20 ya malipo, na mwajiri haruhusiwi kumkata mfanyakazi zaidi ya nusu yake. Kwa mvuvi mmoja ni 37,500, yaani 18,750 kutoka kwake na 18,750 kutoka kwa tajiri. Si pesa ndogo kwa upande wowote, na sitajifanya kwamba ni rahisi.

Lakini angalia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Ule ulianzishwa kwa Sheria Na. 20 ya 2008, na mchango wake hutolewa na mwajiri peke yake, asilimia 0.5 ya malipo ya wafanyakazi. Kwa wavuvi wanne waliogawana 750,000, mchango wa giza zima ni shilingi 3,750. Hiyo haifiki bei ya lita mbili za petroli. Kwa bei hiyo mfuko unabeba matibabu ya aliyeumia kazini, malipo ya ulemavu, na pensheni ya mjane na watoto wa aliyekufa. Mimi ningeanzia hapa, kabla ya kugusa uzee, kwa sababu kinachomuua mvuvi wa dagaa akiwa na miaka 24 ni upepo.

Tunakumbuka MV Bukoba, 21 Mei 1996. Tunakumbuka MV Nyerere, 20 Septemba 2018, pale karibu na Ukara. Wavuvi hufa mmoja mmoja, wawili wawili, mtumbwi ukiwa umepinduka alfajiri. Kambi inachanga, tajiri mwenye utu anatoa sanda na usafiri wa mwili, na wiki inayofuata nafasi ya marehemu ina mtu mwingine. Kifo hicho hakiingii kwenye takwimu za vifo vya kazini, kwa kuwa aliyekufa hakuwa na mwajiri kwenye karatasi yoyote iliyopelekwa mjini. Kisha sisi tunatengeneza majedwali kutokana na takwimu hizo na kuandika kwamba sekta hatari zaidi ni hii na ile.

Kuna tatizo jingine ambalo halisemwi kwa sababu linaonekana dogo: kalenda. Sheria inahesabu miezi ya Januari na Februari. Mwaloni wanahesabu giza. Ili upate pensheni ya uzee NSSF unatakiwa uwe umechangia miezi 180, yaani miaka 15. Mwezi mwandamo una siku 29 na nusu, kwa hiyo giza 180 ni miaka kama 14 na nusu. Pengo si kubwa, na mtaalamu wa hesabu za bima angeliziba kwa alasiri moja. Lakini mtu anayelipwa mara moja kwa giza, ukimtaka mchango wake kila mwisho wa mwezi wa kalenda, mara nyingine utamkuta hana shilingi, na mara nyingine utamkosa kabisa yuko visiwani.

Kalenda inauma zaidi kwenye mashauri. Anayelalamikia kuachishwa kazi isivyo halali anatakiwa afike Tume ndani ya siku 30. Mfikirie aliyeambiwa "usipande tena" siku ya kwanza ya giza. Atafanya nini? Atasubiri hesabu, maana pesa yake ya giza lililopita na deni lake vyote viko kwenye daftari, na hataki kumuudhi tajiri kabla ya kulipwa. Hesabu ikifika, siku zake 30 zimekwisha au zimebaki za kuhesabu kwa vidole, na yeye yuko kisiwani akitafuta nauli ya kuja Mwanza. Madai ya malipo yana siku 60, afadhali. Lakini haki ya kwanza imeliwa na mwezi. Sijawahi kuona utafiti ulioweka kalenda hizi mbili kwenye ukurasa mmoja, na si kazi inayohitaji ufadhili mkubwa.

Ninachopendekeza ni mambo mawili yaendayo kwa njia tofauti. La kwanza ni la ajira. Waziri mwenye dhamana ya kazi amepewa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini mamlaka ya kutangaza, kwenye Gazeti la Serikali, kwamba kundi fulani la watu wahesabiwe kuwa waajiriwa kwa ajili ya sheria nzima au sehemu yake tu. Sehemu yake tu: hayo ndiyo maneno ya dhahabu. Wavuvi wa mgawo wanaotumia vyombo na zana za mwingine wangeweza kutangazwa waajiriwa kwa ajili ya fidia ya ajali peke yake, bila kugusa mgawo wenyewe, ambao wavuvi wengi niliozungumza nao hawataki uondolewe. Giza zuri hulipa kuliko mshahara wowote wa kijana wa darasa la saba, na wanalijua hilo.

La pili ni la michango. Ushuru wa samaki unakusanywa palepale mwaloni, mtu wa halmashauri amesimama na mashine yake ya POS, na hakuna anayemwambia arudi mwisho wa mwezi. Njia ya pesa kutoka mwaloni hadi kwenye mfuko imeshachimbwa. Inachohitaji ni bomba la pili. Mchango ukatwe siku ya hesabu, kwa giza, uandikwe kwa jina la kila mvuvi na risiti imtokee yeye. Wenzetu wa Kenya wana mpango wa NSSF yao uitwao Haba Haba, ambapo mtu huweka shilingi 25 za Kenya kwa siku. Wao walikubali kwamba mchango ufuate mwendo wa kipato cha mtu. Kwetu, aliyejiajiri anaruhusiwa kujiunga kwa hiari, na ni jambo jema, lakini ukimpeleka mvuvi wa mgawo kwenye dirisha la waliojiajiri umeshamsamehe tajiri nusu yake.

Wanawake wanaoanika dagaa wanastahili makala yao. Hapa nitasema tu kwamba siku 84 za likizo ya uzazi ziko kwenye sheria ile ile, na niliyemkuta Kayenze akigeuza dagaa na mtoto wa wiki tatu mgongoni alikuwa analipwa kwa ndoo.

Na haya yote yaandikwe kwa Kiswahili. Tangu marekebisho ya mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria zetu, lakini tasnifu za sheria bado zinakaa maktabani kwa lugha ambayo katibu wa kikundi cha mwalo hawezi kumsomea mwenyekiti wake. Utafiti unaomhusu mtu ambao yeye hawezi kuukosoa, hauwezi kurekebishwa na anayejua.

Ningerudi Igombe leo, dodoso langu lingekuwa na ukurasa mmoja. Mtumbwi ni wa nani? Nani alisema mwondoke jana, na nani aliamua mrudi? Mara ya mwisho kupanda mtumbwi wa mtu mwingine ilikuwa lini? Giza lililopita mlikesha usiku mingapi? Aliyeumia mkono na wavu alitibiwa kwa pesa ya nani, na iliandikwa wapi? Swali la umri ningeliacha pale pale mwisho. Kisha ningemsogelea tajiri chini ya mwembe, nimsalimie vizuri, na nimwombe aniruhusu nipige picha ukurasa mmoja wa daftari.